Mwindaji Hurudi kwa Nani?

Wapenzi wa uwindaji na maisha ya porini husimuliana vitabu kama wanavyosimuliana mawindo. Ukiwauliza ni waandishi gani wanaowaenzi, majina hayatofautiani sana: Ivan Turgenev wa Urusi, Jim Corbett wa India, John Henry Patterson wa Tsavo, Ernest Hemingway na William Faulkner wa Marekani. Ni orodha nzuri, wala sina nia ya kumwondoa hata mmoja. Hata hivyo, ni orodha iliyotoka kwenye rafu za vitabu, na hadithi ya uwindaji ina umri mkubwa kuliko rafu. Hapa nataka kuwaketisha waandishi hao pamoja na wasimulizi wa Unguja, wa Mali, wa nchi ya Wayoruba na wa Shamu ya karne ya 12, kisha niwaulize wote swali moja: mwindaji akishaua, anarudi kwa nani? Naamini kwamba umbo la hadithi ya uwindaji halitokani na ukubwa wa mnyama wala ubingwa wa mpigaji. Linatokana na yule anayemsubiri mwindaji, mwenye haki ya kutamka kwamba windo limetimia au bado.

Tuanzie Unguja. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyeishi kisiwani humo, alichapisha mkusanyo wa hadithi za Waswahili, na miongoni mwake imo ile ya Sultani Majinuni. Paka wa sultani anakula ndama, kisha mbuzi, kisha ng'ombe. Kila watu wanapokuja kushtaki, sultani anamkingia kifua: paka ni wake, na mifugo ni yake. Paka anaishia porini, anakuwa nunda mla watu, na siku inafika anawala hata wana wa sultani mwenyewe. Ndipo kitinda mimba, kijana ambaye hakuna aliyemtegemea kwa lolote, anaposhika njia kwenda kumsaka. Anaua mbwa mkubwa, anamkokota hadi nyumbani huku akiimba kumwuliza mama yake kama huyu ndiye nunda. Mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye, na anamsihi aache, maana hataki kumpoteza na yeye. Kijana anapumzika, anarudi porini. Twiga siye. Kifaru siye. Tembo, ambaye kwa wawindaji wengi angekuwa kilele cha maisha yao, naye siye. Mpaka kijana anapomwona mnyama mwenye alama zile alizoelezwa, akamuua na kumleta, ndipo mama anapokubali.

Katika hadithi hiyo ukubwa hauhesabiwi hata kidogo. Tembo anamzidi nunda kwa kila kipimo cha mwili, lakini tembo hakumla mtu. Anayetakiwa ni mwenye hatia, na mwenye mamlaka ya kumtambua ni mwanamke aliyebaki nyumbani, ambaye hakushika silaha. Msimulizi wa Unguja hakuona haja ya kumweleza msikilizaji jinsi bunduki ilivyoelekezwa au upepo ulivyovuma. Kwake, uzito wote uko mlangoni, mwindaji anapouliza na kusubiri jawabu.

Sasa tumweke Hemingway kando ya kijana huyo. Kuanzia Desemba 1933 hadi Februari 1934 aliwinda Tanganyika, akiongozwa na Philip Percival, mwindaji mashuhuri aliyekuwa na shamba lake Machakos. Kitabu kilichozaliwa na safari hiyo, *Green Hills of Africa*, kilitoka mwaka 1935. Shauku yake kubwa ni tandala mkubwa, yule mwenye pembe za kujinyonganyonga, na anamsaka siku baada ya siku bila mafanikio hadi msimu unakaribia kwisha. Hatimaye anawapata wawili kwa mkupuo, wenye pembe za kupendeza. Anarudi kambini usiku na furaha tele, na hapo anakuta mwenzake, anayeitwa Karl kitabuni, naye amepata tandala, tena mwenye pembe kubwa zaidi kuliko za wote wawili. Furaha inaingia ufa. Katika mazungumzo ya kambini wanakiri kwamba binadamu hawezi kuacha kushindana, na kwamba ushindani huharibu kila kitu.

Tofauti na Unguja ni dhahiri. Kijana wa hadithi ya nunda anahukumiwa na mama. Hemingway anahukumiwa na futikamba. Kipimo cha kwanza kinauliza windo linamfaa nani, cha pili kinauliza linamzidi nani. Lakini haitakuwa haki kuishia hapo, kwa sababu Hemingway ni mwaminifu kuliko hukumu hiyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuandikia aibu ya wivu wake, na yeye ndiye aliyeweka kitabuni shahidi wa pili. Tandala walipoanguka, wafuata nyayo waliokuwa naye walimshika kidole gumba, wakakifumbata na kukivuta huku wakimkazia macho. Baadaye anamwuliza kiongozi wake wa safari maana ya jambo lile, na anaambiwa ni kitu kama undugu wa kuchanjiana damu, ila bila sherehe nyingi. Basi kitabu hiki kina mizani mbili. Futikamba ilimwambia Hemingway kwamba ameshindwa. Wale watu wa porini, akiwemo M'Cola, mbeba bunduki wake ambaye ni mmoja wa watu walio hai zaidi kitabuni, walimwambia kwamba amekuwa mwenzao. Ni yeye aliyechagua kuiamini zaidi ile ya kwanza.

Tukihama kutoka kwa wanyama wanaoliwa kwenda kwa wanyama wanaokula watu, tunakutana na vitabu viwili ambavyo wasomaji huviweka pamoja. Cha Patterson kilitoka mwaka 1907 na kinahusu mwaka 1898, simba wawili wasio na manyoya shingoni walipowavamia wajenzi wa reli ya Uganda kwenye daraja la mto Tsavo. Cha Corbett, *Man-Eaters of Kumaon*, kilitoka mwaka 1944 na kinaanza na chui milia jike wa Champawat, aliyeuawa mwaka 1907 na ambaye inasemekana alikuwa ameua watu 436. Wote wawili walikuwa watumishi wa himaya ya Uingereza, wote waliitwa wakati watu wa kawaida walikuwa wamekata tamaa, na wote waliandika miaka mingi ikishapita.

Patterson anaandika kama mhandisi: kazi imesimama, vibarua wamekimbia, kizuizi kinapaswa kuondolewa. Simba wa kwanza alianguka tarehe 9 Desemba 1898, wa pili tarehe 29 mwezi huohuo. Hata hivyo kitabu chake kinawapa nafasi mashahidi wake. Vibarua wa Kihindi, ambao awali baadhi yao walikuwa wamepanga kumuua yeye mwenyewe kwa sababu ya ugomvi wa kazini, walimpa bakuli la fedha, na mmoja wao aliyeitwa Roshan alitunga shairi refu la Kihindustani kuhusu masaibu ya Tsavo. Patterson alilitia tafsiri yake mwishoni mwa kitabu. Naliona shairi hilo kuwa sehemu yenye thamani kubwa: kwa mara moja tunawasikia waliokuwa wakiliwa wakisimulia, baada ya kurasa nyingi za aliyekuwa akilenga.

Corbett anaandika kama jirani. Alizaliwa Nainital mwaka 1875, akakua katika vilima vilevile, akizungumza lugha za wanavijiji. Akishamuua yule chui milia wa Champawat, anamkagua kinywa na kukuta meno makubwa ya upande wa kulia, la juu limevunjika nusu na la chini limekatika hadi mfupani, yote kwa jeraha la zamani la risasi. Mwenye hatia, kwa maana moja, ni mwindaji mwingine aliyelenga vibaya na kuondoka. Kisha anafanya jambo ambalo Patterson hakulifanya. Njiani kurudi anasimama katika kijiji cha mwanamke aliyekuwa amepotewa na sauti tangu dada yake achukuliwe na chui huyo. Anamtandazia ngozi. Mwanamke anapiga kelele, anakimbia kijijini akiwaita watu waje waone. Sauti imerudi.

Hapo Corbett na msimulizi wa Unguja, ambao hawakuwahi kusikiana, wanakutana. Mnyama mla watu analetwa mlangoni kwa mwanamke, naye ndiye anayetamka kwamba mambo yamekwisha. Mfanano wa pili ni wa kina zaidi: nunda alilelewa na sultani aliyekataa kusikia malalamiko, na chui wa Champawat alitengenezwa na bunduki ya mtu. Kwa wote wawili mla watu hatoki nje ya jamii. Ametokana na kosa la wakubwa. Hata simba wa Tsavo, ambao ngozi zao Patterson aliziuza katika miaka ya 1920 kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago, walipochunguzwa na wanasayansi mmoja wao alikutwa na ugonjwa mkali wa jino. Tofauti ni kwamba Unguja lawama inatajwa wazi mwanzoni mwa hadithi, na Kumaon inagunduliwa mwishoni, ndani ya kinywa cha maiti. Corbett mwenyewe alihamia Nyeri, Kenya, mwaka 1947, akafariki huko mwaka 1955 na kuzikwa hukohuko. Mbuga aliyoipigania India ilipewa jina lake baadaye.

Kuna uwindaji mwingine ambao hauna mla watu wala mashindano, ule wa mwenye nacho anayetoka asubuhi kwa starehe. Waandishi wawili waliouandika vizuri wametenganishwa na karibu miaka mia saba. Usama ibn Munqidh alizaliwa mwaka 1095 katika ukoo uliomiliki ngome ya Shayzar, kando ya mto Orontes katika Shamu. Alipigana na Wafaranga wa Vita vya Msalaba, akajuana nao, na uzeeni akatunga *Kitab al-I'tibar*, kitabu cha mazingatio, ambamo sehemu nzima ni ya mawindo aliyoyashuhudia pamoja na baba yake. Ivan Turgenev alikuwa bwana shamba wa Kirusi aliyezunguka na bunduki na mbwa akitafuta kwale na ndege wa vinamasi. Hadithi zake zilianza kutoka jaridani mwaka 1847 na kukusanywa kitabuni mwaka 1852.

Mtu anaweza kuwapima wawili hawa kwa wanyama wao wa kuwindia. Usama anasimulia juu ya duma jike wa baba yake aliyeishi ndani ya nyumba, mwenye kijakazi wa kumhudumia na mahali pake pa kulala pameandaliwa uani. Nje alikuwa mshika swala asiye na mfano, lakini nyumbani swala walipita mbele yake uani bila kuguswa. Turgenev anatuonyesha Yermolai, mkulima anayemilikiwa na jirani wa mwandishi, mwenye bunduki kuukuu ya mtutu mmoja na mbwa aitwaye Valetka ambaye bwana wake hamlishi kamwe, kwa hoja kwamba mbwa ana akili na atajitafutia. Katika nyumba ya Shayzar mnyama amepewa mtu wa kumtumikia. Katika vijiji vya Oryol, nchini Urusi, mtu mwenyewe anaishi kama Valetka, akitegemea akili zake na huruma ya barabara. Usama anaangalia mnyama na kuona hekima ya Mungu na utaratibu wa nyumba njema. Turgenev anaangalia mnyama na kuuona utaratibu wote wa nchi yake ukiwa umekaa vibaya.

Kwa hiyo wanarudi kwa mahakimu tofauti. Usama, mzee wa karibu miaka tisini akisimulia, anarudi kwa Mola: simba waliokaribia kumuua na adui waliomkosa ni ushahidi kwamba umri wa mtu umeandikwa, haurefushwi na woga wala haufupishwi na ushujaa. Turgenev anarudi kwa msomaji wa mjini na kumweka mbele ya watu ambao hakuwahi kuwatazama usoni. Mara nyingi mfuko wake ni mwepesi. Katika hadithi ya uwanda wa Bezhin anapotea njia baada ya kuwinda, anaishia kwenye moto wa watoto wanaochunga farasi usiku, na kinachobaki kwa msomaji ni hadithi za mizimu walizosimuliana. Katika nyingine, mzee Kasyan anamkemea waziwazi kwamba kumwaga damu ya ndege wa porini ni dhambi. Mwindaji hana jibu la maana, naye mwandishi hamtafutii. Miaka michache baadaye, mwaka 1861, wakulima wa Urusi waliachiwa huru, na kitabu hiki kimehesabiwa siku zote miongoni mwa vilivyowatayarisha Warusi kwa hatua hiyo. Hemingway alikipenda mno; akiwa kijana Paris alikiazima mara kwa mara katika duka la vitabu la Shakespeare and Company. Alijifunza humo namna ya kuandika hali ya hewa na miguu iliyochoka. Upole wa Turgenev wa kunyamaza ili mwingine aseme hakuufuata kwa kiasi hichohicho.

Afrika ya Magharibi inalijibu swali letu kwa namna ambayo vitabu vya Ulaya haviijui. Miongoni mwa Wamande wa Mali na nchi jirani, chama cha wawindaji kina wasimulizi wake, na mwindaji hajisifu mwenyewe. Seydou Camara, mmoja wa mafundi wakubwa wa sanaa hiyo, alirekodiwa mwaka 1968 akiimba utenzi wa Kambili, shujaa anayemkabili mtu-simba mla watu. Alipiga ala ya nyuzi ya wawindaji, na pembeni yake alikaa mtu ambaye kazi yake ni kuitikia "naamu" kila ubeti unapotua. Hakuna neno linalopita bila kukubaliwa na mwingine. Tena Wamande wanaamini kwamba mnyama akiuawa huachia nguvu ya hatari inayoweza kumrudia aliyemuua, hivyo mwindaji hahitaji shabaha tu bali elimu na kinga. Anawajibika kwa mnyama mwenyewe.

Wayoruba wanalisogeza jambo hilo mbele zaidi. Katika ijala, ushairi unaoghaniwa na wawindaji wafuasi wa Ogun, mungu wa chuma, wanyama wana majina yao ya sifa kama watu wenye ukoo. Tembo husifiwa kwa heshima anayopewa mfalme, na wanyama wadogo nao wana sifa zao. Mwindaji anapokufa, wenzake humwimbia nyimbo maalumu za maziko, na bila hizo hajaagwa. D. O. Fagunwa alipoandika riwaya yake ya kwanza ya Kiyoruba mwaka 1938, ile ambayo Wole Soyinka aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1968, alimfanya mwindaji Akara-ogun amwendee mwandishi na kumwomba aandike anayoyasema. Hata katika kitabu kilichochapwa, mwindaji bado anamhitaji mtu wa pili.

Mmarekani aliyewakaribia zaidi ni Faulkner. Katika *The Bear*, iliyotoka mwaka 1942, kijana Isaac McCaslin anafundishwa msituni na Sam Fathers, mzee mwenye damu ya Wachickasaw na ya watumwa. Dubu mkubwa anayewindwa kila mwaka hajitokezi kwa kijana mpaka aache bunduki, na bado hajitokezi mpaka atundike kichakani saa na dira yake. Hapo ndipo anamwona. Kama kwa Wamande, uwindaji ni mafunzo na mnyama ni hakimu. Lakini mwindaji wa Mali anatoka katika chama kinachodumu na kitakachomzika, na Isaac anatoka katika dunia inayokufa: dubu anauawa, mwalimu anafariki, na msitu unauzwa kwa kampuni ya mbao. Mmande anapewa mnyororo wa watu. Isaac anaachiwa kumbukumbu peke yake. Ndiyo maana utenzi wa Camara una shangwe na hadithi ya Faulkner ina kilio, ingawa elimu yake inafanana.

Nikiziweka mila hizi pamoja naona kwamba hakuna hata moja inayomwamini mwindaji anayejishuhudia mwenyewe. Mama, wanakijiji, vibarua, Mungu, msomaji, mwitikiaji, mnyama: kila mila imechagua shahidi wake, na uchaguzi huo unaeleza kile inachokithamini. Hata futikamba ni shahidi, ila ni maskini kuliko wote, kwa kuwa inajua kujibu swali moja tu. Ukubwa wa Hemingway ni kwamba alilijua hilo akaliandika.

Pengo kubwa la orodha tunayoipenda liko kwetu hapa Afrika Mashariki. M'Cola anacheka, anakunja uso, anafuata alama za kwato pasipoonekana kitu, lakini hatujui alirudi nyumbani akasimulia nini. Wata wa nchi ya Tsavo waliwinda tembo kwa pinde ndefu na mishale ya sumu ya miti kwa vizazi, kisha katika miaka ya 1950 wakakamatwa na kufungwa kama majangili, wakati mgeni mwenye leseni aliendelea kuitwa mwanamichezo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania bado inauruhusu kwa kibali. Katika nchi zote mbili wapo wazee waliobeba bunduki za wengine, waliosoma nyayo na kuwarudisha wageni kambini salama. Wao ni mashahidi walioshuhudia zaidi na kuulizwa kidogo, na Kiswahili ndicho walichokitumia kazini. Kazi ya mwandishi wa leo anayependa hadithi hizi ni kwenda kwao na kinasa sauti na subira, awaache waseme kwa mwendo wao, na kitabu kitakachotoka kikae mahali pamoja na Turgenev na Corbett, kikisomwa kwa makini yaleyale.